Gari Litajilipa kwa Miezi Mingapi?

Matatu ni chombo ambacho jina lake ni bei. Mapeni matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi, ndiyo nauli iliyotozwa na yale magari ya mwanzo yaliyokuwa yakibeba watu wa Eastlands bila ruhusa ya mtu. Nauli ilipanda, sarafu zikaisha, jina likabaki. Leo unalipa shilingi hamsini, mvua ikinyesha mia, na bado unasema umepanda "tatu".

Kuhusu nauli, muziki na michoro, tumeandikiwa sana. Kenda Mutongi alitoa kitabu kizima cha historia ya matatu za Nairobi mwaka 2017, na kama hujakisoma, kitafute. Mimi nimekuwa nikifikiria bei nyingine, ile isiyoandikwa mlangoni: bei ya gari lenyewe linapobadilisha mikono. Mtu anaposimama uwanjani kando ya Jogoo Road na kuambiwa "hii ni mbili pointi nne, maongezi yako", anauziwa nini hasa? Swali hili limenikaa kwa sababu mjomba wangu, aliyeendesha magari ya watu wengine kwa miaka ishirini na sita, mwaka jana aliamua kununua lake. Pesa alizokuwa nazo ni akiba yake ya maisha yote. Akikosea bei, hana nyingine.

Tuanze mbali kidogo. Mabasi ya Nairobi yalianza rasmi mwaka 1934, na mwaka 1966 Baraza la Jiji likaipa Kenya Bus Service haki ya kubeba abiria peke yake, jiji likichukua robo ya hisa. Maana yake, mtu wa Shauri Moyo au Bahati aliyekuwa na gari kuukuu na kubeba majirani hadi mjini alikuwa mvunja sheria kila asubuhi. Na magari yenyewe yalikuwa mitumba tangu siku ya kwanza. Matatu haikuanza kama gari jipya lililozeeka. Ilianza kama gari ambalo mtu mwingine alikuwa amelichoka.

Sasa jiweke katika viatu vya mnunuzi wa siku hizo. Gari ni zima, injini inawaka, abiria wapo hadi wanagombania nafasi. Lakini polisi akilikamata kesho, umebaki na funguo. Kwa hiyo hata kama chuma ni kile kile alicho nacho karani anayeenda nacho kanisani, ukikinunua ukabebe watu lazima upunguze kitu kwa ajili ya hiyo siku ya kukamatwa. Nadhani hapo ndipo hesabu ya Eastlands ilipozaliwa. Unalipia siku ambazo gari limebaki nazo za kukuletea pesa, na siku hizo hazihesabiwi na fundi peke yake.

Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria wa kulipa bila leseni maalum. Fikiria vile hiyo ni ajabu. Usiku gari lilikuwa la kujificha, asubuhi ni biashara. Hakuna aliyegusa injini, hakuna aliyebadilisha taili, na bado thamani yake haikuwa ile ya jana. Na wakati huo huo mji ulikuwa unasukumwa mashariki. Buruburu ilikuwa inajengwa kwa awamu. Mwaka 1975 serikali na Benki ya Dunia wakakubaliana kuhusu Dandora, ploti elfu sita za watu kujijengea. Umoja nayo ikafuata. Watu maelfu kwa maelfu wakapelekwa kuishi mbali na kazi zao, na mabasi hayakutosha. Mafundi wa jua kali wakachukua pikapu, wakaunganisha sanduku la mabati nyuma, wakapiga benchi mbili zinazotazamana, wakakata mlango wa nyuma wa makanga kuning'inia. Pikapu iliyokuwa ya kubeba kabeji ikawa ya kubeba makarani. Leseni na ukaguzi vikarudishwa na sheria ya 1984, na kuanzia hapo karatasi zikawa sehemu ya bei.

Hilo sanduku la mabati lilifanya jambo ambalo wengi hatuligundui. Liligawanya gari vipande viwili vyenye umri tofauti. Na tabia hiyo haijaisha. Matatu ya watu 33 unayopanda leo, mara nyingi ni Isuzu iliyozaliwa kuwa lori. Mwenye gari ananunua kichwa na chasisi, anaipeleka kwa mjenga bodi, kisha anaipeleka kwa wachoraji na watu wa skrini na spika. Bei tatu, mafundi watatu. Na kila kipande kinazeeka kwa mwendo wake. Chasisi na injini huzeeka kwa kilomita. Bodi huzeeka kwa mvua na mashimo. Na mapambo huzeeka kwa macho ya vijana wa form three, ambao hawana huruma hata kidogo: nganya iliyokuwa moto Desemba, kufikia Desemba nyingine imeitwa ya kina mama.

Muuzaji anapotaja bei, huwa amejumlisha hivyo vitatu kama ni kitu kimoja. Kazi ya mnunuzi ni kuvitenganisha tena.

Nilijifunza kuvitenganisha kwa kumfuata mjomba na fundi wake asubuhi moja. Walifika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya broka. Kitu cha kwanza fundi alifanya ni kuweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa vuguvugu.

"Mmeiwasha mapema," alimwambia kijana wa kulinda uwanja.

"Nilikuwa naisongesha tu, mzee."

Labda ni kweli. Lakini injini ya dizeli iliyochoka hujitangaza kwa moshi ikiwashwa baridi, na mwenye kuuza anajua hivyo. Walingoja ipoe, dakika arobaini, tukinywa chai ya kibandani. Ikawashwa tena. Fundi akafungua kifuniko cha mafuta injini ikinguruma, akaangalia kama moshi unasukuma kutoka ndani. "Inapumua," akasema. Mjomba hakusema kitu, aliandika tu. Injini inayopumua hivyo bado itafanya kazi, lakini ndani ya mwaka itahitaji kufunguliwa, na hilo si jambo la elfu kumi.

Akalala chini ya gari na tochi. Hapa alikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Anatafuta nyufa kwenye chasisi, weldi ambayo haikutoka kiwandani, springi zilizoongezwa majani ili zibebe uzito wa spika. Bodi aliipitia na sumaku ndogo. Palipo bati, sumaku inashika. Palipozibwa kwa filla na kupakwa rangi, inaanguka. Ilianguka mara nne upande wa kushoto. Mwisho akasoma namba ya chasisi na kulinganisha na logibuku, herufi kwa herufi, kidole kikifuata.

Rangi nzuri hakuitazama hata mara moja.

Watu wa pwani wana ujuzi huu wa muda mrefu kuliko sisi. Mwenye kununua jahazi lililotumika naye hatazami tanga kwanza. Anashuka lilipopwelewa, atazame mkuku na mataruma, aguse kalafati kati ya mbao aone kama imekaza au inatoka. Chombo kilichotoka kupakwa deheni chini na sifa juu kinang'aa kama kipya, na ndiyo maana mnunuzi mwenye akili hukwaruza kidogo. Deheni ni filla ya baharini. Hata mgawanyo wa pesa unafanana na wetu kwa namna fulani. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Wakuwaiti mwaka 1938 na 1939 hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, aliandika jinsi mabaharia walivyolipwa kwa fungu la mapato ya safari badala ya mshahara. Dereva na konda wa Umoja wangemwelewa mara moja, ila kwao mambo yamegeuzwa: mwenye gari anapata kiasi chake kilichokubaliwa kila siku, tunaita target, na kinachobaki baada ya mafuta na mengine mengi yasiyo na risiti ndicho chao.

Tofauti ni kwamba jahazi adui yake mkubwa ni maji. Matatu adui yake mkubwa ni tangazo la serikali.

Chukua Februari 2004. Waziri wa Uchukuzi alikuwa John Michuki, na kanuni zake zilianza kutumika tarehe mosi. Mikanda ya usalama kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, sare kwa wahudumu, mstari wa manjano ubavuni. Michoro na kelele vikafutwa. Na Nissan zilizokuwa zikibeba watu 18 zikaambiwa zibebe 14. Mimi nilikuwa mtoto, ninachokumbuka ni watu wengi wakitembea. Lakini fanya hesabu ya mwenye gari. Viti vinne kati ya kumi na vinane ni zaidi ya moja kwa tano ya mapato ya kila safari, vimekwenda. Gari lililouzwa Januari likiwa na viti 18 na jina kubwa mgongoni, Machi lilikuwa gari lingine, jeupe lenye mstari, viti 14, na aliyelinunua alikuwa bado anadaiwa pesa za Januari. Haki itendeke: barabara zilihitaji nidhamu, na abiria walikuwa wamechoka kukaa mapajani mwa watu. Nauli pia zilipanda, kwa hiyo pengo halikubaki lote kwa mwenye gari. Lakini yule aliyekuwa amelipia jina na michoro, hakuna nauli iliyomrudishia hizo.

Karibu miaka kumi baadaye michoro ikarudi kwa baraka za ikulu, nganya zikafufuka zikiwa na skrini na taa kuliko hata za miaka ya tisini. Kisha Novemba 2018 kanuni za Michuki zikatekelezwa upya, msako mkali, magari yakakaa nyumbani, watu wakatembea tena. Halafu Machi 2020 ikaja korona: matatu zibebe asilimia sitini tu. Nissan ya 14 ikawa ya watu wanane. Ya 33 ikawa ya kama ishirini. Hiyo iliendelea hadi Agosti 2021.

Mjomba anaiita hiyo "miezi ya serikali". Katika daftari lake ipo safu yake yenyewe, kama vile mtu mwingine angeandika taili. Hailaumu serikali wala haisifu. Anaihesabu. Anasema katika kila miaka mitatu ya kuwa na matatu, weka miezi sita ambayo gari litakuwa limelala au linafanya kazi nusu kwa sababu ambayo haipo ndani ya gari. Si takwimu ya kitaalamu, ni ya mtu aliyeshika usukani tangu miaka ya tisini. Mimi naiamini zaidi ya bei za kwenye intaneti, ambazo hupangwa kwa mwaka wa kutengenezwa tu, kana kwamba gari la 2015 lililopiga njia ya Kayole kila siku ni ndugu wa gari la 2015 lililobeba watoto wa shule.

Na njia, wacha tuiongelee, kwa sababu ndipo wageni wengi huungua. Gari bila njia ni chuma kilichopakiwa. Kuingia 58 ya Buruburu au kwenye foleni ya Umoja lazima uwe ndani ya sacco, na sacco ina ada zake, kanuni zake na watu wake. Wauzaji wengi husema "inakuja na sacco". Uliza kwa upole: inakuja vipi? Uanachama ni wa mtu au wa gari? Kuna ada ya kuhamisha? Foleni ya asubuhi iko? Jibu la maswali hayo linaweza kuongeza au kupunguza bei kuliko injini. Pia jua mahali gari lilipo kwenye safari yake ya kushuka, maana matatu hushuka ngazi. Huanza kwenye njia za mashindano likiwa la moto, baada ya miaka michache linahamia njia isiyojali skrini, kisha linaenda mji mdogo nje ya Nairobi, au linapakwa manjano na kuwa la shule. Ukinunua lililo ngazi ya pili kwa bei ya ngazi ya kwanza, umelipia ujana wa gari kwa mtu aliyekwisha kuutumia.

Basi, gari letu. Broka alifika saa tatu, koti zuri, simu mbili. Aliitisha 2,400,000. Akafungua mlango, akawasha skrini zote, akaweka ngoma. Kusema ukweli ilikuwa tamu. Mimi ningekuwa na pesa ningeachia pale pale.

Mjomba alikaa kiti cha nyuma na daftari. Hii ndiyo hesabu yake, naiandika kwa namba za duara ili ufuate. Target ya njia ile ni elfu nane kwa siku. Siku za kazi anaweka 24 kwa mwezi, si 30, maana gari huugua na huenda gereji. Hiyo ni 192,000. Toa bima, sacco, sevisi, na pesa ya kuweka kando ya taili: inabaki kama laki moja safi. Gari hili limebaki na miaka mitatu kwenye njia yenye pesa kabla ya kushuka ngazi. Miezi 36, toa sita ya serikali, inabaki 30. Laki moja mara thelathini ni milioni tatu.

Mtu mwenye haraka angesema, basi 2.4 ni bei nzuri, kuna faida ya laki sita. Mjomba alicheka nilipomwambia hivyo. Sheria yake ni kwamba gari lazima lijilipe ndani ya nusu ya maisha yake, kwa sababu nusu ya pili si yako mpaka uifikie. Nusu ya milioni tatu ni moja na nusu. Ongeza laki sita ambazo atapata akiliuza mwisho kwa mtu wa shule: mbili pointi moja. Toa laki mbili na nusu za kufungua injini. 1,850,000. Hapo ndipo mwisho wake. Skrini na spika, sifuri.

"Mzee, sound peke yake ilikula laki nne," broka alisema.

"Najua. Aliifurahia?"

"Nani?"

"Mwenye gari. Kama aliifurahia, basi imelipwa."

Nilidhani broka ataudhika. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akapiga simu, na baada ya kama saa moja mwenye gari mwenyewe akaja, mzee wa makamo aliyevaa slipa, akionekana hajalala. Hakuzungumza kuhusu gari sana. Alisema kijana wake amepata nafasi ya chuo nje na ada inatakiwa mwisho wa mwezi, na kwamba mbili ndiyo inayomtosha. Nilimwona mjomba akifunga daftari. Haya ndiyo ambayo hesabu haina safu yake. Bei ya haki kwa anayenunua na bei ya haki kwa anayeuza zilikuwa zimekaa kwenye benchi moja, na kati yao laki moja na nusu.

Mjomba hakubishana naye. Alisema, "Ndugu yangu, nipe siku moja. Nataka kupanda gari lako kama abiria."

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri alikuwa steji na chupa ya chai. Alipanda safari ya kwanza, akalipa nauli, akashuka mjini, akangoja gari lipige foleni, akarudi nalo. Hivyo hivyo kutwa nzima. Alihesabu vichwa kila safari, alihesabu dakika za foleni, aliangalia konda anatoa nini dirishani na wapi, alisikiliza gia ya pili mlimani. Mchana, gari likiwa na watu tisa tu, alilala kidogo. Saa nne usiku simu yangu ikalia. Ilikuwa meseji yake, bila salamu, tarakimu tu: 1.95.